Uvimbe kwenye muundi wa mtoto: usiharakishe upasuaji

Pole sana, dada. Unasema mwanao wa miaka 6 ana uvimbe mgumu kwenye muundi, mfupa umeanza kupinda mbele, daktari ametaja displasia ya osteofibrosi na kushauri msubiri, lakini ndugu wanataka afanyiwe upasuaji haraka. Mimi nasimama na daktari.

Ugonjwa huu ni nadra na si saratani. Huwapata zaidi watoto walio chini ya miaka 10, karibu kila mara kwenye mfupa mkubwa wa mguu chini ya goti. Sehemu ya mfupa hujaa tishu za nyuzi, ikawa dhaifu. Ukikwangua sehemu hiyo mtoto akiwa bado mdogo, mara nyingi hurudi, na utakuwa umemuumiza bure. Ukisubiri, kwa wengi hutulia wakishabalehe, wengine hata hupungua.

Kusubiri si kukaa tu, lakini. Mpeleke kwenye picha za eksirei kwa tarehe alizopangiwa, na uzitunze zile za zamani ili zilinganishwe. Mfupa ukizidi kupinda, uliza kuhusu kifaa cha kushikiza mguu. Akianza kulia kwa maumivu usiku, uvimbe ukikua ghafla, au mfupa ukivunjika, rudi mapema. Hapo huenda wakachukua kipande kidogo cha mfupa kukipima, kwa sababu ipo saratani adimu, adamantinoma, inayofanana nao sana kwenye picha.

Mchezo je? Muulize daktari wa mifupa ni michezo ipi inafaa, lakini usimfungie ndani.