Kutazama Vinyonga, Vyura na Mijusi: Majibu kwa Wanaoanza

Ninaishi Dar es Salaam na sina nafasi ya kusafiri. Nianzie wapi?

Anzia nyumbani kwako. Mijusi kafiri wanaokusanyika ukutani karibu na taa wanatosha kwa majuma ya mwanzo, kwa kuwa ukiwafuatilia kwa makini utajua ni saa ngapi wanatokeza, yupi huiwania taa na yupi hufukuzwa. Mchana chunguza mashina ya minazi na miembe, ambako huishi mjusi mdogo ambaye dume lake lina kichwa cha manjano. Ni jamaa wa mjusi kafiri, ila yeye huwinda juani. Andika tarehe, saa, hali ya hewa na mahali hasa ulipomwona mnyama. Jina la spishi linaweza kusubiri.

Nilitembea msitu wa Amani, kwenye milima ya Usambara ya Mashariki, mchana kutwa nisione kinyonga hata mmoja. Nilikosea wapi?

Ulikosea saa. Mchana kinyonga hufanana na majani yanayomzunguka, tena akihisi mtu huhamia upande wa pili wa kijiti. Usiku hulala kwenye ncha za vitawi na rangi yake hupauka, kiasi kwamba mwanga wa tochi humbainisha kati ya majani ya kijani kilichoiva. Shika tochi usawa wa macho, utembee polepole kuliko unavyodhani inafaa. Wala usitazame juu tu: pamoja na vinyonga wakubwa, wakiwemo wale ambao madume yao yana pembe tatu, Usambara ya Mashariki ina vinyonga wadogo wenye rangi ya jani kavu, ambao mchana hutembea chini kwenye majani yaliyoanguka na usiku hupanda vijiti vifupi, mara nyingi visivyopita goti. Hawa ndio ninaowapenda zaidi, na ndio wanaopitwa na wengi. Usimmulike aliyelala kwa muda mrefu, na usimshike. Matembezi ya usiku yapange mapema na ofisi ya hifadhi, ukiongozana na mwongozaji mwenyeji.

Vyura wanasikika bwawani, lakini nikikaribia wote hunyamaza. Nifanyeje?

Simama, zima tochi, usubiri. Wataanza tena mmoja baada ya mwingine. Wanaoita ni madume, na kwa kuwa kila spishi ina mlio wake, sauti uliyoirekodi kwa simu mara nyingi humtambulisha chura vizuri kuliko picha, hasa vyura wadogo wa kwenye matete ambao rangi zao hutofautiana hata ndani ya spishi moja. Nenda mvua za masika au vuli zinapoanza. Pwani, angalia pia matawi yaliyoinamia maji: povu jeupe lililoning'inia hapo ni kiota cha chura, na viluwiluwi hudondoka kutoka humo hadi majini.

Kabla ya kuhama bwawa moja kwenda jingine, osha mabuti yako na uyakaushe, kwa sababu kuvu linaloua vyura husafiri na tope. Kuvu hilo liligunduliwa pia kwa chura wa Kihansi, mwenyeji wa korongo la mto Kihansi nchini Tanzania, ambaye makazi yake yalikuwa yamekwisha kupungukiwa na maji kwa sababu ya bwawa la umeme. Mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini, na waliozalishwa Marekani wakaanza kurudishwa korongoni mwaka 2012.

Je, nyoka?

Vaa mabuti, mulika kila unapokanyaga, na usitie mkono shimoni wala chini ya gogo. Wa kuhofiwa zaidi njiani ni kifutu, kwa kuwa yeye hategemei kukimbia bali kutoonekana. Aliyeumwa atulizwe, kiungo kisitikiswe, apelekwe hospitali upesi; asichanjwe kwa wembe, asifungwe kamba kwa kukazwa, wala sumu isinyonywe.

Nimempiga picha kinyonga adimu. Nieleze mtandaoni nilipompata?

Taja wilaya, basi. Vinyonga wa milimani hutafutwa na wafanyabiashara wa wanyama wa kufugwa, hata baada ya Tanzania kusimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016. Programu ya iNaturalist, ambako watu huweka picha za viumbe waliowaona, huficha mahali halisi pa spishi nyingi zilizo hatarini, lakini haifichi ulichokiandika mwenyewe katika maelezo, wala kibao cha njia kilichoonekana nyuma ya picha.