Rimu za Subaru kwenye Allion: chukua rimu, nati mwachie mwenyewe

SWALI: Shikamoo Fundi. Nina Toyota Allion yenye rimu za chuma za inchi 15, tairi 195/65R15 91. Kuna jamaa aliuza Subaru Impreza yake akabakiwa na rimu nne za aloi za inchi 17, zimevaa tairi 205/50R17 89V. Nimehesabu matundu, ni matano kama yangu. Meno ya tairi bado marefu, na nati zake ananipa bure. Nyuma ya rimu hizo pameandikwa 17x7JJ 55, zangu zimeandikwa 15x6JJ 45. Nichukue?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umenifurahisha kwa kuigeuza rimu ukasoma mgongo wake. Wengi huishia kuangalia inavyong'aa.

Kuhesabu matundu hakutoshi, maana gari nyingi zina matano. Muhimu ni ukubwa wa duara linalopita katikati ya matundu hayo. Hapo una bahati: Allion yako na Impreza yake zote ni milimita 100. Ingekuwa rimu ya duara la 114.3, ningekuambia funga mjadala.

Tundu kubwa la katikati, linalokaa kwenye habu (kitovu cha gari kinachobeba gurudumu), ndilo lenye mtego. La Subaru lina milimita 56.1, habu ya Toyota yako 54.1. Rimu itaingia bila shida, ila itacheza milimita moja kila upande, na ukifunga nati bila uangalifu inakaa upande. Mimi mwenyewe nilifanya kosa hili ujanani. Usukani ukawa unatetemeka kila nikifika kilomita 90 kwa saa, nikafanya balansi mara mbili, nikamlaumu aliyefanya balansi, kumbe rimu haijakaa katikati. Dawa yake ni ringi nyembamba ya kujazia nafasi hiyo, ya 56.1 kwa nje na 54.1 kwa ndani. Nunua nne. (Mwenye Subaru anayetaka rimu za Allion hana dawa rahisi hivyo, tundu ni dogo kuliko habu, rimu haikai.)

Sasa hizo nati za bure. Stadi (boliti za kwenye habu zinazoshika nati) za Subaru zina uzi wa 1.25, yaani milimita kati ya jino na jino la uzi, za Toyota 1.5, na unene wote ni milimita 12. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Nati ya Subaru itashika stadi yako mzunguko mmoja au miwili, kisha itagoma. Ukimpa fundi mwenye mashine ya upepo, ataisukuma kwa nguvu mpaka uzi wa stadi uishe, na hilo utaligundua siku gurudumu linapolegea. Mwachie mwenyewe. Nati zako za rimu za chuma zina kichwa cha koni, na rimu hizo za Subaru nazo zinataka koni, kwa hiyo jaribu hizo kwanza. Izungushe kwa mkono: isipofika mizunguko minane kamili kabla ya kukaza, tafuta ndefu zaidi zenye uzi wa 1.5.

Ile 55 ni ofseti, yaani umbali kati ya mstari wa katikati ya rimu na uso unaogusa habu. Watu hudhani rimu pana lazima itokeze nje ya fenda. Hii yako itaingia zaidi ndani. Upana umeongezeka inchi moja, kutoka 6 hadi 7, nusu yake ni milimita 12.7 kila upande. Ofseti imepanda 10, yaani rimu nzima inavutwa ndani milimita 10. Kwa nje itatokeza chini ya milimita 3 tu, kwa ndani itasogea karibu 23 kuelekea shokamzoba. Hapo ndipo pa kupima.

Kimo hakina tatizo. Gurudumu lako la sasa lina kipenyo cha milimita 634.5 na hilo lina 636.8, kwa hiyo hata spidomita haitajua.

Tairi zenyewe sizipendi. Namba 89 maana yake kila moja inabeba kilo 580. Yako ya 91 inabeba 615. Umeshuka kilo 140 kwa gari zima, na wewe hukuniambia unabeba nani. Kipimo hichohicho kinapatikana kwa 93, nunua hicho. Pia angalia tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 1214 ni wiki ya 12 ya mwaka 2014. Meno marefu kwenye tairi ya umri huo yananiambia imekaa tu, na mpira huzeeka hata ukikaa. Tairi zikivuliwa, kagua midomo ya ndani ya rimu kama kuna alama za kuchomelea. Rangi mpya upande wa ndani tu, kwangu mimi, ni dalili mbaya.

Kabla ya kutoa hela, mwombe jamaa akuazime moja, ikiwa bado na tairi. Ifunge mbele kwa nati zako, shusha jeki, kata usukani mpaka mwisho kushoto na kulia. Kisha ihamishie nyuma, pakia watu. Kidole kikipita kati ya tairi na shokamzoba pote mbele na nyuma, rudi ukachukue tatu zilizobaki.