Jino la Mbele Limetoka Ukubwani, Niweke Nini?

SWALI: Dokta shikamoo. Mi ni dada wa miaka 34, miezi miwili iliyopita nilianguka nikavunja jino la juu la mbele, lile la katikati kabisa upande wa kushoto, nikaenda hospitali wakaona mzizi umepasuka wakaung'oa. Tangu siku hiyo nacheka nimeziba mdomo kwa mkono na kazi yangu ni kuongea na wateja kutwa nzima, yaani nateseka. Nimeuliza watu watatu nimepewa majibu matatu. Wa kwanza kasema vaa jino la bandia la kuvua na kuvaa, wa pili kasema implanti, lile jino la kufungwa kwenye mfupa, ndo mwisho wa matatizo, wa tatu kasema wiki ijayo atanichonga meno mawili ya pembeni aniwekee daraja nisahau habari ya pengo. Hayo ya pembeni ni mazima, hayajawahi hata kuzibwa. Nataka cha kudumu na nataka haraka. Nifanyeje? (Mficha Tabasamu)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana. Ngoja nianzie mwisho, hiyo ya kuchongwa wiki ijayo isimamishe kwanza. Daraja la namna hiyo ni jino la bandia lililoungwa na kofia mbili, yaani maganda yenye umbo la jino yanayovalishwa juu ya majirani waliochongwa. Sijasema ni baya, lina watu wake na ntawataja, ila jino zima likishachongwa ile enameli, ganda gumu la nje, hairudi tena maisha yako yote, na mengine baada ya miaka kadhaa mshipa wa ndani unakufa unajikuta unatibiwa mizizi ya meno ambayo leo hayana shida yoyote. Kwahiyo ungekuwa na pengo moja ukaingiza kwenye hatari meno mawili mazima. Mi kila mgonjwa wa pengo la mbele namuuliza hivi, hiki unachotaka kufanya kikigoma, utaweza kurudi ulipokuwa? Kama jibu ni hapana basi hicho kiwe cha mwisho kwenye foleni.

Umeomba haraka na umeomba kudumu, tuvitenganishe. Cha haraka kipo, ni jino la kuvua na kuvaa, tena linaweza kuwa tayari ndani ya siku chache. Linakuwa na kibao chembamba cha plastiki kinachokaa kwenye kaakaa, na jino limeshikizwa hapo. Siku za mwanzo utahisi mdomo umejaa, mate yatakuja mengi, na herufi kama s na f na th zitakusumbua, we soma kwa sauti ukiwa peke yako ulimi utazoea. Njia nyingine ya muda ni kifuniko cha plastiki angavu kinachovalishwa juu ya meno yote ya juu, kama vile wanavyovaa waliotoka kwenye waya za kunyoosha meno, na sehemu ya pengo inawekwa jino ndani yake. Hiki kinapendeza usoni lakini kula nacho hapana.

Hilo la kuvua usilale nalo. Sababu ya kwanza ni fizi zipumzike, ya pili watu hawaambiwi, kibao kidogo cha jino moja mtu anaweza akakimeza usingizini, na ile plastiki kama haina waya mara nyingi haionekani kwenye eksirei, daktari anatafuta kitu asichokiona. Lioshe kwa sabuni ya kawaida na brashi laini, maji ya moto yanalipinda, dawa ya meno inalikwaruza. Halafu ukiona mtu anakushawishi uvae zile za nailoni laini zinazopindika, zinapendeza kweli hazina waya, ila zikivunjika au zikilegea kurekebisha ni kazi na mara nyingi wanakwambia tengeneza jingine.

Sasa cha kudumu. Nashangaa katika hao watu watatu hakuna aliyekutajia daraja la kubandika maana kwa mtu kama wewe, pengo moja la mbele na majirani wazima, ndo ningelifikiria kabla ya mengine yote. Hili ni jino moja la bandia lenye bawa dogo la chuma au la zirkonia, kauri ngumu nyeupe, bawa linagundishwa nyuma ya jino la jirani upande wa ulimi ambako hakuna anayepaona. Kuchonga ni kidogo sana au hakuna kabisa. Zamani yalikuwa yanawekwa mabawa mawili, moja kila upande, watu wakidhani ndo imara zaidi, kumbe meno mawili kila moja lina mtikisiko wake kidogo, bawa moja linaachia kimyakimya jingine bado limeshika, mwenye jino hajui, uchafu unaingia chini jino linaoza. Siku hizi kwa mbele bawa moja linafanya vizuri zaidi, na likiachia linatoka lote unaliona, unaliweka kwenye kiboksi unarudi linagundishwa tena. Masharti yake ni kwamba jirani awe mzima asiwe na kizibo kikubwa, meno ya chini yasiwe yanagonga pale nyuma kwa nguvu, na usiwe mtu wa kusaga meno usiku. Ukiuma uma kalamu na kufungua vifuniko kwa meno pia sahau.

Implanti nayo ni nzuri na sitaki uondoke hapa unafikiri nimeipinga. Ni skrubu ya titani inayoingizwa kwenye mfupa wa taya, mfupa unaishika, halafu jino linafungwa juu yake. Habari yake inaanzia Sweden mwaka 1952, mtafiti Per-Ingvar Brånemark alikuwa anachunguza mzunguko wa damu kwenye mifupa ya sungura kwa kutumia vifaa vya titani, akitaka kuvitoa vimegoma, mfupa umeshikana navyo. Mgonjwa wa kwanza aliwekewa mwaka 1965 na zile implanti zake zilikaa zaidi ya miaka 40. Uzuri wake mkubwa ni kwamba jirani haguswi.

Ila hao wanaosema ndo mwisho wa matatizo wanaruka vitu. Jino la mbele juu ndo sehemu ngumu kuliko zote kuweka implanti ikapendeza. Mfupa wa upande wa mdomo pale ni mwembamba, kwa watu wengi haufiki hata milimita 1, na jino likitoka unaanza kuyeyuka. Ndani ya mwaka mmoja kidonda cha jino kinaweza kupoteza karibu nusu ya upana wa mfupa, na sehemu kubwa inapotea miezi mitatu ya mwanzo. Wewe upo mwezi wa pili! Ndo maana nasema kuchongwa simamisha lakini kwenda kupimwa usichelewe. Omba picha ya eksirei ya pande tatu, ndo itaonyesha mfupa umebaki kiasi gani na kama itabidi uongezewe. Ukishawekewa unasubiri miezi 3 mpaka 6 mfupa ushike ndo jino la kudumu lifungwe, wakati huo unavaa lile la muda na lisikandamize kidonda. Kuna wanaofungiwa jino la muda siku hiyohiyo, inawezekana kwa waliopimwa wakafaa, halafu hilo jino hutakiwi kung'atia.

Kitu kingine wasichosema, meno yako halisi yanaendelea kushuka kidogokidogo hata utu uzima, implanti haishuki. Baada ya miaka 10 au 15 unaweza ukaona lile la implanti limekuwa fupi kidogo kuliko mwenzake na ufizi wake umekaa juu. Kama ukicheka fizi zako zinaonekana hili lifikirie sana, kama mdomo wako wa juu unafunika fizi hakuna atakayejua. Na haliozi sawa, ila fizi inayolizunguka inaugua kama kawaida, uchafu ukikaa usaha unatoka mfupa unaliwa mpaka skrubu inalegea. Kwahiyo kupiga mswaki na kupitisha uzi hukwepi.

Daraja la kuchonga basi ni la nani? Ni la yule ambaye majirani wa pengo tayari wamevaa kofia au wana vizibo vikubwa vinavyotaka kofia hata hivyo. Huyo hapotezi kitu, anapata kazi mbili kwa mkupuo mmoja na kwa matunzo anakaa nalo miaka 10, 15, wengine zaidi. Sio wewe.

Kwahiyo ningekuwa nakupangia, wiki hii chukua la kuvua urudi kwa wateja wako ukiwa na amani, mwezi huu pima mfupa na uangaliwe meno yanavyogongana, halafu uamue kati ya daraja la kubandika na implanti. Ukianza na la kubandika mlango wa implanti haujafungwa, ila mfupa utaendelea kupungua polepole na huko mbele unaweza ukahitaji kuongezewa, hilo ulijue unapoamua. Na rangi ya jino ichaguliwe mwanzoni mwa miadi kwenye mwanga wa mchana kabla hujakaa mdomo wazi nusu saa, meno yakikauka yanakuwa meupe kuliko kawaida yake unatengenezewa jino lisilofanana. Kama una mpango wa kung'arisha meno ng'arisha kwanza, subiri kama wiki mbili rangi itulie, maana la bandia halikubali dawa ya kung'arisha.

SWALI: Dokta mambo, mimi ni kijana wa miaka 29. Nina jino dogo la utoto lilibaki pale pembeni ya meno mawili makubwa ya mbele, mwezi uliopita limeanguka lenyewe na picha ikaonyesha hakuna jino la ukubwa chini yake, sikuumbwa nalo. Lazima niweke la bandia? (Jino Halikuja)

JIBU: Poa kabisa. Sio lazima, na hauko peke yako, hilo jino la pili kutoka katikati upande wa juu ni mojawapo ya meno ambayo watu wengi wanazaliwa bila. Kwako kuna njia ambayo yule dada hapo juu ni ngumu kwake, unavaa waya za kunyoosha meno, chonge inavutwa mbele mpaka inaziba pengo, halafu inapunguzwa ncha na kuongezwa nyenzo kidogo ifanane na jino lililokosekana. Unabaki na meno yako mwenyewe, hakuna cha kuvua wala cha kulegea. Ubaya ni muda, hesabu mwaka na nusu au miaka miwili, na kama chonge zako ni kubwa na zina rangi ya njano kuliko mengine itaonekana kama haijachezewa vizuri. Muone daktari wa kunyoosha meno kabla hujamuona wa kuweka jino, maana akianza wa pili ataziba pengo ambalo wa kwanza angelihitaji. Ukikataa waya basi daraja la kubandika la bawa moja linakufaa sana.

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni baba wa miaka 58, navuta sigara na nina kisukari, pengo la mbele lina miaka mingi sasa. Wameniambia implanti haiwezekani kabisa kwangu. Ni kweli? (Mzee wa Pengo)

JIBU: Marahaba kaka. "Kabisa" ni neno kali. Umri sio kizuizi, hata wa miaka 80 anawekewa akiwa na afya. Kisukari kikiwa kimedhibitiwa vizuri wengi wanafanikiwa, kikiwa juu juu kidonda kinachelewa kupona na maambukizi yanaingia kirahisi, kwahiyo nenda na vipimo vyako vya miezi ya karibuni. Sigara ndo inanisumbua zaidi kwa upande wako, inapunguza damu kwenye fizi na implanti za wavutaji zinashindwa mara nyingi zaidi, na mchanganyiko wa sigara na sukari isiyotulia ningekuambia hapana na mimi mpaka kimoja kikae sawa. Mweleze pia daktari dawa zote unazotumia, hasa kama umewahi kupewa dawa za kuimarisha mifupa au kuchomwa mionzi kichwani, hizo zinabadilisha mpango wote. Pengo la siku nyingi mfupa wake huwa umeshuka, kwahiyo jino la kuvua lenye kibao cha chuma chembamba usilionee aibu, ni imara kuliko la plastiki.

SWALI: Dokta nimeona vile vidonge vya plastiki unavyoyeyusha kwenye maji ya moto unajitengenezea jino mwenyewe, nimejaribu likakaa kidogo, sasa nataka nilikazie na gundi kali ya dukani. (Fundi Binafsi)

JIBU: Gundi hapana. Inachoma fizi, na jino la jirani litang'ang'aniwa na plastiki ambayo huwezi kusafisha chini yake, litaoza. Hilo la kuyeyusha kama ni la picha ya dakika kumi sawa, ukimaliza litoe, usile nalo wala usilale nalo.

SWALI: Samahani dokta, mimi bado sina pengo ila mume wangu anacheza mpira na kila wiki anarudi na mdomo umevimba. Jino likitoka zima tufanye nini kabla ya yote hayo? (Mama Tahadhari)

JIBU: Hongera kwa kuuliza mapema. Lishike upande wa juu unaoonekana ukicheka, mzizi usiuguse. Kama lina mchanga lisuuze kidogo kwa maziwa au maji bila kusugua, mrudishie palepale kwenye tundu lake likiangalia upande sahihi, aume kitambaa safi muende kwa daktari. Mkishindwa kulirudisha liwekeni ndani ya maziwa, au akiwa na akili zake timamu alihifadhi kati ya shavu na fizi, msilifunge kwenye tishu likakauka. Dakika 30 za mwanzo ndo za dhahabu, mkifika baada ya saa nzima bado nendeni. Na umnunulie kinga ya meno ya michezoni, ile ya kutengenezewa kwa kipimo cha mdomo wake, hataki mpe hii ukurasa asome majibu ya juu.