Uliza Ujibiwe: Jirani yangu Mfini anaongelea joto na likizo tu, nimjibu nini?

SWALI: Anti shikamoo. Mi nasoma chuo hapa Dar, nimepanga chumba Changanyikeni na mlango wa pili anakaa dada mmoja Mfini kaja kusoma Kiswahili. Kila tukikutana tunasubiri bajaji ni "leo joto eeh" au "likizo unaenda wapi", mi namjibu ndio joto, naenda nyumbani, basi stori imeisha. Kwetu ni Makete, kule Njombe milimani. Wenzangu chuoni wanataja Zanzibar wengine Dubai, mi mwezi wa 12 naenda kumsaidia mama kupalilia viazi, sasa hilo nalo ni la kumwambia mtu? Natamani tuwe marafiki kabisa. – Kijana wa Makete

JIBU: Marahaba mwanangu. Yaani wewe una stori nzuri kuliko hao wote wa Dubai na umeikalia! Huyo dada ametua Dar, anajua Tanzania ni jasho na feni, halafu anakaa jirani na mtu ambae kwao mwezi wa 6 na wa 7 watu wanavaa makoti mazito na kule juu Kitulo asubuhi unakuta majani yameganda barafu. Mwambie! Mwambie pia kwamba mwezi huo wa 12 unaoenda wewe kupalilia ndio maua ya Kitulo yanaanza kuchanua mpaka karibu mwezi wa 4, na hiyo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Watu wanalipia kuja kuona hivyo vitu mwanangu, we unavipita ukienda shamba.

Na viazi usivionee aibu hata kidogo. Wafini wengi likizo yao kubwa ni ya kiangazi, mwezi wa 7 hasa, na wanaenda kwenye vijumba vyao vya mbao pembeni ya ziwa, wanavua samaki, wanapasua kuni, wanakaa sauna, yaani chumba cha joto kali la mvuke, halafu wanajitupa ziwani. Nchi ina watu kama milioni 5 na nusu tu ila vijumba vya aina hiyo viko kama laki 5. Kwa hiyo ukimwambia naenda kwa mama kulima atakuelewa vizuri sana, huenda na yeye ana bibi yake anaelima viazi hukohuko, muulize.

Sasa hilo la joto. Kwetu sisi tukikutana tunaanza na habari za nyumbani, wazazi hawajambo, kazi vipi, ndo maana unaona kuongelea jua ni kama mtu hana la kusema. Ila fikiria alikotoka. Helsinki mwezi wa 12 jua linachomoza saa 3 na kitu asubuhi na ikifika saa 9 na robo alasiri limeshazama, mwezi wa 6 sasa ni kinyume, linazama karibu saa 5 usiku, na huko kaskazini kabisa Utsjoki kuanzia katikati ya mwezi wa 5 mpaka mwisho wa wa 7 halizami kabisa. Sisi Dar siku ndefu na siku fupi kuliko zote hazipishani hata saa moja. Mtu aliyekulia hivyo jua kwake ni habari kubwa, so usimjibu "ndio joto" ukanyamaza, muulize mlikuwa mnalalaje usiku wenye mwanga, watoto wanaendaje shule gizani. Na wewe mpe za kwetu, kwamba huu upepo ni kaskazi, ukigeuka kuwa kusi na masika inaingia, kuanzia mwezi wa 3 mpaka wa 5, mabondeni kama Jangwani maji yanajaa na barabara inafungwa, ila mwezi wa 7 hata Dar usiku unatafuta shuka. Hapo anapata na msamiati alioufuata.

Kitu kimoja tu nakuomba. Usimwambie "karibu Makete" kwa mdomo kama tunavyokaribishana sisi, anaweza akaanza kuulizia basi. Kama unamaanisha, ongea na mama kwanza, halafu mtajie tarehe, na mwambie abebe sweta.

SWALI: Anti, mi niko Nairobi, rafiki yangu mwanafunzi wa Ujerumani analalamika baridi ya Julai na kwao kuna theluji! Marafiki wanamcheka sana, anajifanya? – Dada wa Rongai

JIBU: Hajifanyi dada, na wamwache. Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600, Julai usiku inashuka mpaka nyuzi 12 hivi na mawingu yanakaa siku nzima. Kwao nje ni baridi kweli lakini ndani kuna hita, madirisha ya vioo viwili, mtu anakaa na fulana. Huku ndani na nje ni sawasawa tu, sakafu ya simenti, hakuna hita, baridi anaamka nayo na kulala nayo. Mtafutie blanketi zito pale soko la mitumba la Gikomba na chai ya tangawizi ya jioni, halafu muulize kwao theluji ikianguka shule zinafungwa au la, utaona anavyochangamka.