Muulize Fundi: Range la Mkononi au Prado Jipya?

SWALI: Shikamoo fundi. Korosho zimenilipa mwaka huu, nataka gari la heshima. Bei ya Prado jipya inanipatia Range Rover la 2014 na chenji inabaki. Naishi Newala, kila wiki nashuka Mtwara mjini. Nichukue lipi? – Msomaji, Newala

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo chenji usiile, ni ya fundi.

Range la 2014 halikukalia springi za chuma, limebebwa na mifuko ya mpira iliyojazwa upepo. Mpira ukizeeka unavuja, asubuhi unakuta gari limeinama kama mbuzi mgonjwa. Kompresa nayo inahangaika kuujaza mpaka inaungua. Moja lilikaa wiki 3 chini ya mwembe wangu hapa Mikindani likisubiri kipuri kutoka Dar es Salaam, mwenyewe anapanda bodaboda. Na suti yake!

Jipya ni tamu, lina warantii, sikatai. Ila linashuka bei siku hiyohiyo unapolitoa dukani.

Mimi ningetafuta Prado la mkononi la dizeli, la 2018 kuja juu, injini ya lita 2.8. Kabla ya kulipa, lala chini na tochi, gonga chasi kwa bisibisi, hasa kama lililala karibu na bahari. Chumvi inakula chuma kimyakimya. Kilomita zikisoma chache huku pedali zimelika, ujue zimerudishwa nyuma, ondoka. Hata chai yao usinywe.