Maswali Yenu: Mshauri, Barabara ya Durham na Udhuru wa Macho

Barua za Lamu na Malindi safari hii zimekuwa za mtu mmoja: Dominic Cummings, aliyekuwa mshauri mkuu wa Boris Johnson, Waziri Mkuu wa Uingereza, na safari alizofanya mwaka 2020 wakati Waingereza wenzake wameamriwa wakae majumbani kwa sababu ya korona. Tumechagua barua tano. Mbili tumezijibu kwa urefu maana ndizo zenye mafundo.

SWALI: Assalamu alaykum, mhariri. Hapa Mkunguni wazee wawili wanabishana kila alasiri. Mmoja asema yule bwana alivunja sheria mtana kweupe. Wa pili asema alikuwa na mtoto mdogo, hana kosa. Na hili la kutia gari ndiani ili kupima mato, ni kweli au ni mzaha wa watu? (Msomaji, Mkunguni, Lamu)

JIBU: Wa alaykumu salaam. Kila mzee ana nusu ya haki, kwani wanabishania safari mbili kana kwamba ni moja.

Ya kwanza ni ya usiku wa Ijumaa, 27 Machi 2020. Siku 4 kabla yake Johnson alikuwa ametangaza kwenye televisheni kwamba watu wakae nyumbani. Mke wa Cummings akaanza kuumwa, mume akahofia kwamba naye yu njiani kuugua, na mtoto wao alikuwa na miaka 4. Wakaondoka London hadi shamba la wazazi wake Durham, kilomita 420 hivi. Kwa vipimo vyetu ni Mombasa hadi Mokowe, na bado safari haijaisha. Wakajitenga katika nyumba ya kando, wao peke yao, hapo shambani, na kesho yake yeye mwenyewe akalala kitandani. Alisema wapwa zake walioko huko walikuwa wamejitolea kumlea mtoto iwapo wazazi wote wawili wangezidiwa.

Ya pili ni ya Jumapili ya Pasaka, 12 Aprili. Kutoka hapo shambani aliendesha hadi mji wa Barnard Castle, kilomita kama 48, pungufu kidogo ya Malindi hadi Kilifi mjini. Na si mzaha. Tarehe 25 Mei, akiwa ameketi kwenye bustani ya ofisi ya Waziri Mkuu mbele ya waandishi wa habari, alieleza kwamba ugonjwa ulimtia shaka ya macho, akataka kujua kama ataiweza njia ndefu ya kurudi London. Mke na mtoto walikuwa ndani ya gari hilohilo. (Nyinyi wa Amu mna nafuu: punda aijua njia hata kama aliyempanda haioni.)

Sasa waambieni wazee kwamba England ilikuwa na karatasi mbili, na hapa ndipo baraza nyingi hupotea.

Karatasi ya kwanza ni kanuni, yaani sheria yenyewe, iliyoanza kutumika 26 Machi saa 7 mchana. Kanuni ya 6 ilisema mtu asitoke mahali anapoishi bila udhuru wa maana, kisha ikataja mifano 13: kununua chakula, mazoezi, kutafuta tiba, kumhudumia mtu dhaifu, kazi isiyofanyika nyumbani, mazishi, kukimbia hatari na mingineyo. Ilikuwa mifano tu, haikuufunga mlango. Mwenye udhuru ambao haukutajwa aliweza kuutoa na ukapimwa.

Karatasi ya pili ni mwongozo wa afya: ukiwa na dalili, baki nyumbani siku 7, walio nawe nyumba moja wabaki siku 14. Huo haukuwa sheria wakati huo. Kujitenga kulikuja kuwa lazima kisheria tarehe 28 Septemba 2020, miezi 6 baadaye.

Chukua safari ya Durham uiweke juu ya kila karatasi. Kwenye mwongozo inaanguka, maana nyumba yenye mgonjwa iliambiwa isitoke, na hawa walivuka karibu nusu ya nchi. Kwenye kanuni inasimama, kwa kuwa malezi ya mtoto wa miaka 4 ni udhuru unaoeleweka. Hata naibu mganga mkuu wa England alikuwa amesema tarehe 24 Machi kwamba mtoto mdogo ambaye wazazi wake wote wawili wameshindwa kwa ugonjwa ni hali ya kipekee.

Safari ya Barnard Castle ni kinyume chake. Siku zake za kujitenga zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo mwongozo wa wagonjwa haukumfunga tena. Kilichombana ni kanuni: udhuru wako wa kutoka ni upi?

Polisi wa Durham walitoa kauli tarehe 28 Mei. Kukaa kwake shambani kwa baba yake Durham hakukuwa kosa chini ya kanuni ya 6. Kwenda Barnard Castle huenda kulikuwa ukiukaji mdogo, na askari angemkuta njiani angezungumza naye na kumshauri arudi. Hawakuchukua hatua baada ya tukio kupita, wakisema kwamba kufanya hivyo kungekuwa kumtendea tofauti na raia wengine.

Maoni yetu ni kwamba safari ya Durham angeweza kuitetea mbele ya hakimu yeyote. Macho ndiyo yaliyomwangusha machoni pa watu. Uingereza, kuendesha huku macho yako yana kasoro ambayo hujairekebisha ni kosa la barabarani lenyewe, hata bila korona. Na kipimo chao kinajulikana: simama, tazama kibao cha nambari cha gari lililo umbali wa mita 20, kisome. Hakihitaji petroli, wala mke na mtoto kukaa garini.

SWALI: Yule mshauri alitozwa faini kiasi gani? Hapa kuna mtu asema pauni 100. (Msomaji, Shella, Malindi)

JIBU: Hakutozwa hata senti. Na faini ya siku zile ilikuwa pauni 60, ikishuka hadi 30 ukilipa ndani ya siku 14, na kuongezeka maradufu kila ukirudia hadi kufika 960. Ile ya pauni 100 ilianza 13 Mei, mwezi mzima baada ya Pasaka.

SWALI: Mbona wengine walijiuzulu kwa makosa kama hayohayo, yeye akabaki? Waziri Mkuu hakuwa na nguvu za kumwondoa? (Msomaji, Maweni, Malindi)

JIBU: Nguvu alikuwa nazo, hakutaka. Mshauri maalumu kule ni mtumishi wa umma wa muda, chini ya sheria ya mwaka 2010, na kazi yake inaning'inia kwa waziri aliyemteua. Bunge halina kura ya kumfukuza. Linaweza kumtia joto bosi wake tu, na joto alitiwa: zaidi ya wabunge 40 wa chama chake Johnson walitaka mshauri aondoke, na Douglas Ross, waziri mdogo wa masuala ya Scotland, akajiuzulu tarehe 26 Mei. Johnson alikuwa amekwisha jifunga siku mbili nyuma kwa kusema mshauri wake alifuata silika ya baba yeyote na alitenda kwa kufuata sheria.

Kikao kile cha bustanini nacho kilikuwa kioja. Maadili ya washauri hawa huwataka wasijitokeze hadharani kwenye malumbano ya siasa. Hapa mshauri alijibu maswali zaidi ya saa nzima, akasema hajutii aliyoyafanya.

Waliojiuzulu ni Catherine Calderwood, mganga mkuu wa Scotland, tarehe 5 Aprili, baada ya kwenda mara mbili kwenye nyumba yake ya pili huko Fife. Na Profesa Neil Ferguson, aliyejitoa kwenye kamati ya wanasayansi wa serikali tarehe 5 Mei kwa sababu alitembelewa nyumbani wakati watu wameamriwa wasitembeleane. Tofauti haikuwa uzito wa kosa. Calderwood hakupita kilomita 420 wala hakuwa na dalili. Ila wote wawili walikiri upesi, na mkubwa aliyekiri huwa hana pa kujishikilia. Cummings hakukiri, na aliyemshikilia alikuwa mwenye serikali.

SWALI: Mwaka ule binti yangu alikuwa Malindi kwa khalati yake, Kilifi ikafungwa nami niko huku. Karibu miezi miwili sikumuona, hata Idd. Kwa sheria ya Waingereza ningepita? Na wakubwa wetu waliokiuka walifanywa nini? (Mama, Langoni, Lamu)

JIBU: Pole mama. Idd al-Fitr ya mwaka ule iliangukia wikendi ileile Johnson alipokuwa akimtetea mshauri wake, na huku misikiti imefungwa. Uchungu wa barua nyingi tulizopata unaanzia hapo.

Kilifi, pamoja na Mombasa na Kwale, ilifungwa tarehe 8 Aprili 2020, na zuio la Kilifi na Kwale likaondolewa kwa tangazo la 6 Juni. Lamu haikufungwa. Tofauti ya kisheria ni kubwa: England mlango uliofungwa ulikuwa wa kila nyumba, kwetu ulikuwa wa kaunti. Wewe uliweza kutoka Mokowe, ukapita Witu hadi Garsen mchana wa siku bila kuulizwa udhuru, mradi kafyu ya saa 1 jioni isikukute barabarani. Ukifika mpaka wa Kilifi, hapo basi. Malori ya chakula na mizigo yalipita. Mama anayefuata mtoto alitegemea kibali.

Kwa kanuni za England, kumpeleka mtoto baina ya wazazi wasioishi pamoja kulikuwa ndani ya ile mifano 13. Kumfuata kwa khalati hakukutajwa, lakini ungekuwa na udhuru wa kuutoa, na wengi wangeona una nguvu kuliko ule wa macho.

Wakubwa wetu: naibu gavana wa Kilifi wa wakati huo, aliyekuwa ametoka safari ya Ujerumani Machi 2020, alishtakiwa kwa madai ya kutojitenga. Akakana mashtaka, na kukana ni haki yake. Mfano ulionyooka zaidi ni wa Julai 2020. Johnson Sakaja, wakati huo seneta wa Nairobi na mwenyekiti wa kamati ya Seneti ya kushughulikia korona, alikamatwa baa usiku wa kafyu. Akaacha uenyekiti, akakiri kosa mahakamani, akatozwa faini ya shilingi 15,000. Siku chache tu faili ikafungwa. Wapo waliosema faini ilikuwa ndogo kwa mtu wa cheo chake, na si uongo, lakini angalau kuna hukumu mtu anayoweza kuisoma.

Na kwa kuwa umeuliza kuhusu barakoa kwenye ukurasa wa pili wa barua: adhabu ya juu ilikuwa shilingi 20,000 au jela miezi 6, au vyote viwili. Kosa la kiwango hicho linaangukia kifungu cha 49(2) cha Katiba ya Kenya, kinachokataza mtu kuwekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake haizidi kifungo cha miezi 6. Faini hutozwa na mahakama. Askari anaweza kupokea dhamana ya fedha taslimu kituoni, na lazima atoe risiti yenye jina lako na kiasi. Pesa iliyotolewa kando ya barabara bila risiti si faini wala dhamana, na hutakuwa na cha kuonyesha siku ya kesi.

SWALI: Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wana mdahalo juu ya mkasa huu. Naomba hoja za pande zote mbili. (Mwalimu, Malindi)

JIBU: Mwalimu, kabla ya hoja, rekebisha mada. Ukiandika "Mshauri alikosea", mdahalo utazunguka kama jahazi lisilo na usukani, kwa sababu kila mtoto ataelewa kosa lake mwenyewe. Chagua moja: "Alivunja sheria" au "Alipaswa kujiuzulu". Ya pili ina nyama zaidi, maana upande unaokubali kwamba hakuvunja sheria bado unaweza kushinda.

Watetezi wapewe kauli ya polisi, maneno ya naibu mganga mkuu, na hoja kwamba sheria iliacha nafasi ya udhuru kwa makusudi. Wapinzani wapewe mwongozo wa siku 14, macho, na jambo moja ambalo wengi hulisahau: mkewe, mwandishi wa habari, alisimulia ugonjwa wao jaridani mwezi Aprili bila kutaja kwamba walitoka London. Habari ilifichuka tarehe 22 Mei tu, kupitia magazeti ya Guardian na Daily Mirror. Wakitaka la ziada, Mei 2021 Cummings mwenyewe aliwaambia wabunge kwamba maelezo ya bustanini hayakuwa kamili, na kwamba vitisho dhidi ya usalama wa familia vilikuwa sehemu ya sababu.

Kuna utafiti wa chuo kikuu cha University College London, UCL, uliochapishwa na jarida la tiba la Lancet Agosti 2020. Ulionyesha kwamba imani ya watu wa England kwa serikali yao ilishuka kuanzia siku ile ya 22 Mei, ilhali Scotland na Wales, ambako watu waliulizwa kuhusu serikali zao, haikushuka vile. Utumike kwa uangalifu. Unazungumzia imani, na mwanafunzi akisema umethibitisha kuwa watu waliambukizwa kwa sababu ya Cummings, mkate alama.

Dakika 4 kwa kila msemaji zinatosha, na dakika 1 ya kwanza itumike kutaja tarehe. Kosa la mwisho la kuchunga: watoto wengi husema alifukuzwa kwa ajili ya Durham. Aliondoka Downing Street, yaani ofisi ya Waziri Mkuu, tarehe 13 Novemba 2020, kwa ugomvi mwingine kabisa wa ndani ya ofisi ileile.