Mikono nyuma: kwa wanaoanza kazi ya kea (kutunza watu) Uingereza

Wiki yangu ya kwanza kazini nilimpokonya mzee mmoja chai yake. Sikuinywa, nilimtengenezea. Alikuwa amesimama jikoni na kikombe, anafungua kabati moja baada ya jingine akitafuta majani ya chai, na mkono wake wa kushoto hauna nguvu. Nikamwambia kaa tu, mzee wangu. Nikachemsha maji, nikatia maziwa na sukari vijiko viwili, nikampelekea sebuleni kwa mikono miwili kama bibi alivyonifunza Tanga. Dakika tatu, nimemaliza. Hakuigusa. Ilipoa pale mezani mpaka ikashika utando.

Dada mmoja wa Zimbabwe niliyekuwa namfuata kwenye zamu za kujifunza hakunifokea. Alinifungulia faili la yule mzee, ukurasa wa asubuhi: anatengeneza chai mwenyewe, mfanyakazi asimame karibu wakati wa kumimina maji ya moto, basi. Alifundishwa hatua kwa hatua kwa miezi mingi. Sasa inamchukua dakika ishirini, na ndilo jambo pekee la asubuhi ambalo hamwombi mtu. "Mikono ikikuwasha," dada akaniambia, "iweke nyuma." Nikakumbuka chekechea: mikono juu, mikono nyuma! Sikujua kwamba iko siku nitalipwa kwa zoezi lile.

Ninyi mnaoingia sasa kama sapoti woka, kwenye nyumba za watu wazima wenye ulemavu wa akili au usonji, jueni kwamba kosa letu sisi tuliolelewa Afrika Mashariki mara nyingi si uvivu. Ni kusaidia kupita kiasi. Tumefundishwa kwamba mtu mwenye shida hufanyiwa. Hapa ukimfanyia mtu kila kitu kwa mwaka mmoja, mwaka wa pili hatakiweza tena, na lawama ni yako.

Halafu nyumba ni yao. Wewe ndiye uliyekuja. Bisha hodi mlangoni pa chumba na usubiri, hata kama mwenye chumba hawezi kujibu kwa maneno. Uliza kiti cha nani kabla hujakikalia. Na Kiswahili, jamani: nimewahi kuwaona wenzetu wawili wakimwogesha mtu huku wanapiga soga kwa Kiswahili juu ya kichwa chake, wanacheka mambo yao ya harusi. Yule mtu alidhani wanamcheka yeye. Mimi pia ningedhani hivyo.

Sheria ya kuielewa mapema kuliko zote ni ile ya uwezo wa kuamua, ya mwaka 2005, inayotumika England na Wales. Inasema mtu mzima achukuliwe kuwa anaweza kujiamulia mpaka ithibitike vinginevyo, na kwamba kufanya uamuzi wa kijinga si ushahidi kwamba hawezi kuamua. Kwa hiyo mkazi akimaliza pesa zake za wiki Jumanne kwa tiketi za bahati nasibu, unazungumza naye, unaandika, humnyang'anyi pochi. Uwezo hupimwa kwa jambo moja moja pia: huyohuyo anayejua vizuri atavaa nini leo huenda asielewe mkataba wa simu wa miaka miwili.

Ila kuweka mikono nyuma si kuzubaa. Yako mambo ambayo hayana mjadala. Wakazi wengi wana shida ya kumeza, na vyakula na vinywaji vyao vimepangwa kwa viwango kuanzia 0 hadi 7. Ukisoma kiwango cha 5, maana yake chakula kilichosagwa na chenye unyevu. Usimpe kipande cha mkate kwa huruma kwa sababu anakutazama unapokula. Maji ya kuogea pima kwa kipimajoto: yakizidi nyuzi 44 mtu haingii, na kiwiko chako si kipimajoto. Mtu akianguka kifafa, tazama saa kwanza, sogeza vitu vya kumuumiza, muwekee kitu laini chini ya kichwa. Kijiko cha kutenganisha meno tulichozoea nyumbani kisahau kabisa. Mpango wake utasema ni dakika ngapi kabla ya dawa ya dharura au ambulensi, mara nyingi tano, na dawa hiyo huigusi kabla ya kufundishwa.

Kuhusu dawa nitajisema mwenyewe. Mwezi wa nne nilimpa mkazi kidonge cha jioni, simu ya nyumba ikalia, nikaenda kupokea, nikasahau kusaini chati ya dawa. Aliyenipokea zamu akakuta kisanduku cha sahihi kitupu. Alikimeza au hakukimeza? Hakuna anayejua. Hawezi kumpa tena, hawezi kuacha. Wakapiga 111, simu ya ushauri wa afya, wakanipigia na mimi nikiwa nimeshalala. Nikasema ukweli: nimempa, sikusaini. Niliondolewa kwenye dawa, nikarudia mafunzo, nikasimamiwa mara tatu kabla ya kuruhusiwa tena. Aibu ilikuwepo, lakini kazi sikufukuzwa. Anayefukuzwa ni yule anayerudi kesho yake kujaza kisanduku kimyakimya.

Na mkiandika, andikeni saa kwa mtindo wao. Kichwa kikisema saa mbili usiku, kalamu iandike 20:00. Yuko mwenzetu aliyeandika dawa ya saa mbili kuwa imetolewa 02:00, na ukawa uchunguzi.

"Alikuwa na siku nzuri" si ripoti. Wala "alikuwa mkali". Andika ulichokiona kwa macho. Tulikuwa na mama mmoja asiyesema aliyeanza kujipiga shavu. Wiki mbili nzima kumbukumbu zinasema "tabia", "tabia", "alisumbua". Kijana mmoja wa ajensi, zamu yake ya pili tu pale, akaandika kwamba wakati wa chakula cha mchana anatafunia upande wa kulia peke yake na ameacha juisi baridi. Msimamizi akasoma, mama akapelekwa kwa daktari wa meno. Jino lilikuwa limeoza mpaka kwenye mzizi. Mimi nilikuwa mmoja wa walioandika "tabia".

Ukiona alama mwilini, michubuko au kidole kilichovimba, unaichora kwenye karatasi yenye mchoro wa mwili siku hiyohiyo na kumwambia msimamizi, hata kama unamshuku rafiki yako unayepanda naye basi. Mwaka 2011 BBC walirusha picha zilizochukuliwa kwa siri ndani ya Winterbourne View, hospitali ya binafsi karibu na Bristol, wafanyakazi wakiwapiga na kuwadhalilisha wagonjwa wenye ulemavu wa akili. Wafanyakazi 11 walitiwa hatiani, 6 wakafungwa. Kabla ya kamera, muuguzi mmoja alikuwa ameshasema na kuandika, na hakusikilizwa. Meneja asiposikiliza, CQC, wakaguzi wa huduma za kea England, na idara ya halmashauri ya kulinda watu wazima ziko. Usibaki na jambo la namna hiyo tumboni.

Mlioko nyumbani mnaoniuliza njia ya kuja: tangu tarehe 22 Julai 2025 waajiri hawaruhusiwi tena kuleta wafanyakazi wapya wa kea kutoka nje ya nchi. Anayekuuzia barua ya udhamini Nairobi au Dar anakuibia.

Kwa mlio hapa tayari, neno moja la pesa. Zamu za kulala kazini hulipwa kiasi maalumu kwa usiku, na mwaka 2021 Mahakama ya Juu iliamua kwamba saa ulizolala haziingii kwenye hesabu ya kima cha chini cha mshahara. Zinazoingia ni zile ulizoamshwa ukafanya kazi. Kwa hiyo mkazi akigonga mlango 03:10 na mkarudi kulala 04:25, yaandike yote mawili kwenye kitabu cha nyumba kabla hujazima taa, na uyanakili kwenye daftari lako. Langu ni la jalada jekundu, la pauni moja. Mwaka jana lilinirudishia saa sita na nusu ambazo ofisi ilikuwa imezisahau.